Jina Ambalo Hakuna Aliyethubutu Kulifuta

Wanangu wa ofisini, siku mliyoniaga mlinipa doti mbili za khanga, saa ya ukutani, na keki ambayo mlianza kuila kabla sijafika. Kisha yule mliyemchagua kusema maneno akaniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, ili msirudie makosa yangu. Nilicheka moyoni, maana mengi mmesharudia, tena kwa umahiri. Lakini sasa niko nyumbani Kipawa, ndege zinapita juu ya bati langu asubuhi na jioni, wajukuu wako shuleni na mikono yangu haijazoea kukaa bure. Basi naandika. Anayetaka habari za vyeo na mishahara aulize kwingine, mimi nitasema habari za fomu.

Nilianza maisha ya kazi kama karani mpiga chapa. Tovuti zilipoanza kuingia mjini nikasikia kuna ofisi Mikocheni, ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya magodoro, inatafuta mtu anayejua kuandika haraka na kusoma maandishi ya watu wengine. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Murtaza. Ninyi mmemkuta akiwa mtu wa kuja mara moja kwa wiki kuuliza kama tumekula, lakini wakati ule alikuwa bado wa moto. Ni mtu wa familia ya Kihindi iliyokaa mjini vizazi kadhaa, na Kiswahili chake ni cha pwani kuliko changu mimi niliyezaliwa Lindi.

Siku ya kwanza hakunionyesha kompyuta. Alinipa fomu ya karatasi ya kumwandikisha mtoto shule, akaniambia niijaze nikiwa nimesimama, mkoba begani, huku yeye akiniuliza maswali ya nyumbani kwetu. Nilikosea tarehe ya kuzaliwa ya mwanangu mwenyewe. Alifurahi kana kwamba nimefaulu mtihani. Akaniambia kwamba fomu hujazwa na mtu mwenye haraka, na anayeijaribu akiwa amekaa na kikombe cha chai anajidanganya. Nimeyarudia maneno hayo kwenu hadi mkachoka, najua, na nilikuwa nawaona mkikonyezana.

Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba aliyetengeneza fomu haruhusiwi kuwa wa kwanza kuijaribu. Mimi nilikuwa nabeba zangu kwenda nazo nyumbani kwa mama mkwe, Mungu amrehemu. Yule bibi alikuwa mkaguzi ambaye hamtapata mwingine. Siku moja nilimwambia achague nywila ya siri, neno ambalo hatamwambia mtu yeyote. Akafikiri, akaliandika, kisha akamwita jirani dirishani akamtajia herufi moja moja, ili yeye akilisahau jirani amkumbushe. Nililiandika hilo kwenye kaunta buku langu na kucheka usiku kucha, wala sikujua kwamba nilikuwa nimeandika somo zima.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Kaunta buku, ambamo niliandika kile mikono ya watu inachofanya, maana midomo yao husema kila kitu kiko sawa. Simu tatu za zamani, mojawapo kioo kimepasuka, kwa sababu wateja wengi wa nchi hii wanatazama kazi yenu kupitia nyufa. Na stuli. Popote nilipokwenda niliomba stuli niikalie nyuma ya mtu anayetumia mfumo, nisiseme neno. Kutosema neno ndiko kulikonishinda zaidi, kama mnavyoweza kudhani.

Kisha vivinjari, zile programu za kufungulia tovuti, vikaanza kujaza fomu vyenyewe. Ninyi mmezaliwa mkavikuta hivyo, lakini sisi tulishangaa. Unafungua ukurasa wa kuingilia na jina lako limeshakaa kwenye sanduku, na chini yake nywila yako kwa vidoti. Watu waliona ni uchawi mzuri. Kwetu watengenezaji ulikuwa msiba mdogo wa kila siku. Maandishi ya kuelekeza, tuliyoyaweka ndani ya sanduku kwa sababu yalipendeza, yakawa yanapandana na jina lililojazwa, na hakuna kilichosomeka. Mmoja wenu, na anajijua, aliandika amri ya kukikataza kivinjari kisijaze. Kivinjari kiliisoma, kikaipuuza, kikajaza.

Kibaya zaidi kilikuwa kitufe cha kuingia. Tulikuwa tumekifanya kilale, kijivu, mpaka kisikie vidole vikigonga kibodi. Kivinjari kikijaza chenyewe, vidole havijagonga kitu. Masanduku yamejaa, kitufe kimelala. Mtu anabonyeza weee, hakuna kinachotokea.

Niliigundua hiyo kwenye shule moja upande wa Segerea, ambako walimu walitumia mfumo wetu kuingiza alama za wanafunzi. Nilifika na stuli yangu nikakuta karatasi imebandikwa ukutani kwa gundi, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Gonga A. Futa A. Ndipo ubonyeze Ingia." Mwalimu wa taaluma akanieleza bila kinyongo kwamba kompyuta huwa inaamka hivyo. Walimu wote walikuwa wanafanya hivyo kila asubuhi, mwaka wa pili huo, na hakuna aliyetupigia simu kulalamika. Waliona ndivyo kazi ilivyo. Niliona aibu, na papo hapo nikawapenda sana.

Nilirudi Mikocheni nikarekebisha kila fomu tuliyowahi kutengeneza. Kitufe kisilale kamwe, mtu akikibonyeza ndipo tuangalie kilichomo. Maelekezo yatoke ndani ya sanduku yakae juu yake. Na kila sanduku lipewe jina lake la kweli ndani ya msimbo, yale maandishi yanayouendesha ukurasa: hili la jina la mtumiaji, hili la nywila aliyonayo, hili la nywila mpya, ili kivinjari kijue kinaweka nini wapi. Kazi ilikuwa safi. Bwana Murtaza alileta biriani ofisini, na mimi nikaanza kujiona bingwa wa mambo ya kuingia. Ningejua ningekula biriani nikanyamaza.

Wakati huo tulikuwa tunamalizia mfumo wa kliniki ya watoto kwa mtu mmoja mwenye vituo kadhaa vya afya. Nilipelekwa kufundisha kwenye kituo chake cha upande wa Temeke. Hapo ndipo nilipomfahamu Mama Asumpta, muuguzi mkuu wa chumba cha chanjo. Mwanamke wa Masasi, mrefu, mpole wa sauti, na kila mtu pale alimwamkia shikamoo hata wale waliomkaribia umri. Alikuwa na kiti chake chenye mto wa kushona kwa mkono, na hata akiwa hayupo hakuna aliyekikalia.

Chumba kizima kilikuwa na laptopu moja. Niliwagawia karatasi ya mafunzo niliyoiandika mwenyewe, na nikawaonyesha fahari yangu. Kivinjari kitawauliza kama kihifadhi nywila, niliwaambia, bonyezeni ndiyo, msijisumbue kuandika kila siku. Kwenye karatasi nilikuwa nimeliweka hilo kwa herufi nene. Mama Asumpta, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikaa wa kwanza. Akaingia, kisanduku kikauliza, akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa, akabonyeza ndiyo. Wote wakapiga makofi. Nilipanda gari la ofisi nikiwa na furaha, na sikurudi pale kukaa kwenye stuli. Nilikuwa nimeijaribu fomu hiyo mwenyewe, ofisini, na kikombe cha chai.

Miaka miwili baadaye Mama Asumpta akanipigia simu. Sauti ilikuwa ileile ya upole ila imepungua nguvu. Ofisi kuu yao ilikuwa imempa barua ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu. Walipopitia kumbukumbu za mfumo walimwona yuko kazini kila siku, asubuhi hadi jioni, pamoja na majuma mawili aliyokuwa likizo kwao Masasi kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu wake. Kwa mujibu wa mfumo wetu, alikuwa akichanja watoto wa Temeke huku anabangua korosho Masasi. Ofisi kuu haikucheka. Kanuni yao ilisema mfanyakazi akimpa mwingine nywila yake anaachishwa kazi, na kwao ilikuwa wazi kwamba aliitoa. Alibakiwa na miezi mitano astaafu.

"Mama Rajabu, sijamtajia mtu," aliniambia. "Naapa mbele ya Mungu. Hata mume wangu haijui."

Nilimwamini, kwa sababu hapo hapo nikaikumbuka karatasi yangu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye chumba cha chanjo na stuli, nyuma ya ile laptopu. Safari hii sikusema neno kweli. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na watoto wao, mizani inalia, mmoja analia, wote wanalia. Muuguzi wa kwanza kukaa alikuwa binti mmoja anaitwa Mwanaidi, mwenye mkono mwepesi ajabu, anamchoma mtoto sindano kabla mtoto hajaamua kulia. Akafungua ukurasa. Jina la Mama Asumpta likajitokeza, na vidoti chini yake. Kitufe kilikuwa macho kabisa, kama nilivyokirekebisha. Mwanaidi akakibonyeza, akaingia, akaendelea na kazi. Baada yake akakaa mwingine, vilevile. Baada yake mwingine.

Palipotulia nikamwuliza Mwanaidi kama hana jina lake kwenye mfumo. Alisema analo, alipewa siku ya mafunzo. Nikamwuliza kwa nini basi halitumii.

"Si mpaka nifute la Mama?" alisema, akipunguza sauti. "Mie nitaanzaje kufuta jina la Mama Asumpta, yeye ndiye mkubwa wetu hapa. Akija akikuta halipo ataonaje? Sie tunaliachaga tu."

Nikawauliza wengine, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wakanijibu hivyohivyo. Hakuna aliyeona kwamba anaingia kwa jina la mtu. Waliona wanaacha kitu cha mkubwa mahali pake, kama ule mto kwenye kiti. Heshima si utumwa, lakini kwa miaka miwili ilikuwa imemfanyisha Mama Asumpta kazi ya watu watano.

Nilipomweleza mwenyewe, mabega yalianza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kumbe nyie watoto nimewachanjia miaka yote hii," aliwaambia, "na hata soda hamjaninunulia."

Ila mwito wa kikao ulikuwa palepale, Jumatano, na cheko halifuti barua. Mwanaidi alikuwa amejiinamia kwenye pipa la sindano zilizotumika akijifanya analifunga.

Nilirudi Mikocheni nikamweleza Bwana Murtaza yote. Nilimwambia kwamba ili Mama Asumpta apone ni lazima niipeleke ile karatasi na kusema kosa ni letu, tena langu, na kwamba huenda mteja akatuacha. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Twende wote."

Jumatano tulikaa kwenye chumba cha mikutano cha ofisi kuu yao. Alikuwepo meneja wao, Bwana Kimaro, mtu wa haki lakini wa karatasi, na wenzake wawili. Mama Asumpta alikaa peke yake upande wa pili wa meza, amevaa sare iliyopigwa pasi, mikono juu ya mkoba. Bwana Kimaro alisoma barua, akasoma kanuni, akasema kwamba jambo lenyewe liko wazi, kwa sababu mashine haiwezi kujua nywila ya mtu asipoitoa. Alisema bila ukali, na kwa sababu hiyo iliniuma zaidi.

Nikaomba ruhusa. Niliweka karatasi yangu ya mafunzo mbele yake na kidole kwenye zile herufi nene. Nikamwambia kwamba mwandishi ni mimi, na kwamba mama huyu alifanya nilichomwamuru mbele ya mashahidi. Akaisoma mara mbili. Akasema karatasi inaonyesha nywila ilihifadhiwa, haionyeshi kwamba hakuitoa. Nikaona mtu wa karatasi hapozwi kwa karatasi.

Nilikuwa nimeomba laptopu ya chumba cha chanjo iletwe. Nikaisogeza mbele yake, nikamwomba afungue yeye mwenyewe ukurasa wa kuingilia. Akafungua. Nikamwomba abonyeze Ingia. Akabonyeza. Juu ya skrini pakatokea maneno yetu ya ukarimu, yale niliyoyatunga kwa mapenzi: Karibu, Asumpta.

"Bwana Kimaro," nikamwuliza, "Mama Asumpta amekupa nywila yake lini?"

Aliiangalia skrini. Akamwangalia Mama Asumpta. Mmoja wa wenzake akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko, na Bwana Murtaza akawa anaitazama dari kwa makini sana.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwanaidi, bado na sare ya kazini, amekuja bila kuitwa. Aliamkia wote, akasimama karibu na mlango na kusema kwamba zile siku za likizo, watoto wengi walioandikwa kwa jina la Mama aliwachanja yeye, na kama kuna mtu wa kuandikiwa barua aandikiwe yeye. Mama Asumpta alimwambia akae. Akakaa.

Bwana Kimaro alifunga faili. Akasema ameona kwa macho yake na kwa kidole chake, barua imefutwa na hakuna atakayeandikiwa nyingine, na kwamba anataka kujua sisi wenye mfumo tutafanya nini, na lini. Nikamwambia juma hilohilo. Mama Asumpta alisimama, akanyoosha sare yake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kwenye gari, kurudi Mikocheni, Bwana Murtaza alinunua mahindi ya kuchoma tukala kama wanafunzi waliofaulu.

Marekebisho yenyewe nayaandika hapa kwa sababu bado nawaona mkiyasahau. Kivinjari hakikatazwi kwa amri ndani ya ukurasa, tulishajaribu. Kwenye mashine ya watu wengi unakwenda kwenye mipangilio ya kivinjari chenyewe, unafuta nywila zilizohifadhiwa na unazima uhifadhi. Kwenye simu ya mtu binafsi unaiacha ijaze, mwacheni mtu apumzike. Kisha kila ukurasa unaonyesha juu, kwa herufi kubwa, jina la aliyeingia, na pembeni kitufe kilichoandikwa "Siyo mimi". Mashine ikikaa bila kuguswa kidogo, inamtoa mtu yenyewe. Na kila rekodi ya mtoto inaandika chini jina la aliyechanja. Mwishoni, chukueni stuli mwende. Nilikwenda.

Wauguzi walipokuta masanduku meupe matupu walinitazama kama nimehamisha ukuta. Hakuna hata mmoja aliyeikumbuka nywila yake, maana walikuwa hawajawahi kuitumia. Nilikaa asubuhi nzima nikiwapa mpya, na kila mmoja nikamgeuzia uso pembeni alipokuwa akiandika. Karatasi ya mafunzo niliichana mbele yao, Mama Asumpta akadai vipande avitie kwenye pipa mwenyewe.

Mwanaidi alikaa akaandika jina lake kwa vidole viwili, polepole, akilitazama kila herufi. Mama mmoja mwenye mtoto wa kike mnene akasogea. Mwanaidi akampima mtoto, akamchanja, akarudi kwenye laptopu akahifadhi. Kisha akabaki anaikodolea skrini. Chini ya rekodi palikuwa pameandikwa: Aliyechanja, Mwanaidi, pamoja na jina la baba yake. Miaka miwili alikuwa amechanja watoto wa nusu ya mtaa ule, na mahali popote hapakuwa na alama yake.

Akamwita Mama Asumpta aje aone. Mama akaja, akavaa miwani yake, akainama, akalisoma jina kwa sauti lote mpaka la baba. Akamgonga begani.

"Haya," akasema. "Sasa umeanza kazi."

Yule mama wa mtoto, ambaye hakuelewa wanachotazama, akaingiwa na wasiwasi, akauliza kama chanjo ya mwanawe imeandikwa au kuna tatizo.

"Imeandikwa, mama," Mwanaidi akamjibu. "Nimemchanja mimi."